Vitabu vya Nyumba Yetu na Kurasa Zilizopotea



Tumeombwa tuandike katika ukurasa huu wa familia juu ya vitabu: watu wa hapa kambini wanapenda kusoma nini, na kwa nini. Kwanza tulicheka. Mama wa nyumba akasema, "Watuulize vitabu, sisi ambao mgao unaisha kabla ya mwezi?" Lakini usiku, tukiwa tumelala, tulianza kuhesabu, tukakuta kwamba tangu tuvuke ziwa mwaka 1998 hakuna hata mwaka mmoja nyumba yetu ilikosa kitabu. Unga ulikosekana, sabuni ilikosekana, kitabu hapana. Basi tukasema tuandike, sisi wawili pamoja, mume na mke. Tutasema "sisi" hata pale ambapo hatukukubaliana, maana pako mahali pamoja hatujakubaliana mpaka leo, na tutawafikisha hapo.

Kitabu chetu cha kwanza ukimbizini hatukukinunua kama kitabu. Tulinunua karanga. Ilikuwa Lugufu, ile kambi iliyokuja kufungwa mwaka 2009, na pale njiani kulikuwa na mtu wa kwetu aliyeuza karanga za kukaanga katika vikaratasi. Tulipomaliza karanga tukasoma kikaratasi. Mtu mmoja mwenye bastola alikuwa anaingia katika hoteli, na mlango ulikuwa wazi kidogo, na karatasi ikaishia hapo. Hebu fikirini! Tukarudi kununua karanga nyingine, tukapewa ukurasa wa mbele zaidi. Siku ya tatu pesa ya chumvi ilikuwa imekwisha kwa karanga. Muuza karanga akatuuliza, "Lakini nyinyi, munataka karanga ao munataka karatasi?" Tukamwambia ukweli. Akatuuzia kitabu chote kilichobaki, kutoka jalada mpaka pale alipokuwa amefika kuchana, na karanga zake akabaki nazo.

Bahati mbaya alikuwa anachana kuanzia nyuma. Kwa hiyo tuna mwanzo, tuna katikati, mwisho hatuna. Kitabu chenyewe ni Kikosi cha Kisasi cha Mtanzania Elvis Musiba, na yule mpelelezi wake anaitwa Willy Gamba. Na sasa angalieni ajabu: habari ile inatokea Kinshasa, wakati wa Zaire. Sisi ni watu wa Fizi. Kutoka kwetu hakuna barabara ya kutufikisha Kinshasa, na wengi wetu tumekuwa raia wa nchi ile bila kuona mji wake mkuu hata siku moja. Tuliuona mara ya kwanza Lugufu, kwa macho ya Mtanzania, katika karatasi zenye mafuta ya karanga.

Kile kitabu kilisomwa mpaka uzi ukakatika. Jioni tulikuwa tunakaa watu kumi na wawili, pengine kumi na watano, kuzunguka kibatari kimoja, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanamenya maharagwe. Tulipofika ukurasa wa mwisho tuliokuwa nao, kila mtu alimaliza hadithi kwa akili yake. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwapiga risasi maadui wote kwa zamu, bila huruma, kama mtu anayefuta ubao. Kijana mmoja alimpeleka Willy Gamba Ulaya. Mama jirani yetu, ambaye kusoma hajui lakini kusikiliza anajua kuliko sisi wote, yeye alimwoza Willy Gamba kwa msichana wa Kinshasa, na akataka mahari ya mbuzi kumi. Tulibishana juu ya hao mbuzi juma zima.

Watu wengine wa dini walitusema, ati tunapoteza wakati kwa mambo ya bastola na pombe. Huenda. Lakini sisi tunajua kwa nini watu wetu wanapenda hadithi za namna hiyo. Yule mtu anapanda ndege asubuhi, anashuka nchi nyingine mchana, hakuna anayemwuliza kadi ya familia. Sisi bila kibali hatuvuki kizuizi. Kwa saa mbili jioni unatembea na mtu asiyezuiliwa, halafu unarudi kulala. Hakuna aliyeumia.

Wako wanaopenda kitu kizito zaidi. Mwalimu yule wa hesabu alituletea Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, na tulidhani kitatushinda kwa Kiswahili chake cha Tanga. Maneno mengine yalitushinda kweli. Lakini habari yenyewe tuliielewa haraka kuliko Watanzania walioisoma shuleni, tunadhani. Mtu anaitwa Karama, anashitakiwa katika nchi inayoelea hewani kwa sababu alitaka watu wafundishwe uwakili, wajue kutetea haki. Anasimama mbele ya wakubwa, na siku baada ya siku anawasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani, akarudi na mawazo mazuri, akatupwa gerezani. Anasimulia, anasimulia, na uhai wake unategemea kama watamsikiliza vizuri. Nani kati yetu hajakaa kwenye kiti kile? Ni nani hajasimulia safari yake mbele ya meza, leo kwa huyu, mwaka ujao kwa mwingine, na tarehe zikipishana siku moja anaulizwa kwa nini? Baba mmoja wa kijiji chetu, kila alipoitwa kwenye usaili, alituambia, "Naenda Kusadikika." Tukajua ameenda wapi.

Kuhusu Rosa Mistika hatutasema mengi, maana kilitugombanisha na majirani. Kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020, na kilipotoka mwaka 1971 hakikuruhusiwa mashuleni kwa muda, ingawa baadaye kilisomeshwa. Ni habari ya msichana ambaye baba yake anampiga vikali kwa sababu ya barua ya mvulana, anamfungia dunia yote, na akitoka hapo hajui namna ya kujilinda, mpaka anaharibikiwa na kufa. Akina mama walisema wasichana wasisome. Binti yetu mkubwa akasema, "Mama, wa kusoma ni akina papa." Palikuwa na baba mmoja kati yetu usiku ule ambaye juma lililopita alikuwa amempiga bintiye kwa sababu ya ujumbe wa simu. Tulipofika pale pa kupigwa, alisimama akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi hana. Lakini kesho yake alikuja kuazima kitabu, akakaa nacho mwezi mzima, na alipokirudisha hakusema neno.

Sasa tuje kwenye historia. Hapa tutakaa, maana ndipo penye moyo wa barua hii.

Watoto wetu wanafuata masomo ya Kongo, kwa Kifaransa, na katika historia wanakariri: uhuru tarehe 30 Juni 1960, Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Wanapata pointi zao, basi. Watu wazima wanataka kitu kingine katika historia. Wanataka kujikuta ndani. Mtu anachukua kitabu cha historia, anatafuta jina la kijiji chake, la mto wake, la mlima aliochungia mbuzi. Akilikuta hata mara moja anashika kitabu kile kama mali. Asipolikuta anakiweka chini na kusema hakina ukweli.

Mwalimu mmoja wa sekondari, baada ya sisi kuhamishiwa hapa Nyarugusu mwaka 2009, alipata fotokopi ya kitabu cha Kifaransa. Kilikuwa ni kumbukumbu za Che Guevara za Kongo. Vijana wanamjua Che kwa fulana za mitumba, ile sura yenye kofia na nyota. Wengi hawakujua kwamba alifika kwetu. Mwezi wa Aprili 1965 alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma, hii Kigoma yetu, akashuka Kibamba, pwani ya Fizi, kuja kuwasaidia waasi waliokuwa wanapigana baada ya kifo cha Lumumba. Yeye na wenzake walijipa majina kwa hesabu ya Kiswahili: wa kwanza Moja, wa pili Mbili, na yeye mkubwa akajificha katika namba ya tatu. Wakamwita Tatu, wakasema ni daktari na mkalimani. Alikaa miezi saba hivi. Mambo yalikwenda vibaya, na mwezi wa Novemba 1965 alirudi Kigoma kwa maji yaleyale. Akaandika habari ile Dar es Salaam, na mwanzoni kabisa anakubali kwamba ni habari ya kushindwa. Kitabu kilikaa miaka mingi bila kutolewa, mpaka miaka ya 1990.

Mwalimu alikuwa anasoma sentensi kimya kwa Kifaransa, halafu anaisema kwa Kiswahili chetu. Wazee walijaa. Kila jina la mahali lilipotajwa mtu alipiga goti. Kibamba! Bendera! Walipofika habari za kijana mkubwa wa vita, Kabila, ambaye Tatu analalamika kwamba hakuonekana mbele kwenye mapigano, watu waliangaliana, kwa sababu ndiye aliyekuja kuwa rais mwaka 1997.

Katika wazee wale alikuwamo baba yetu mzee, baba mzazi wa baba wa nyumba hii. Sisi tulijua kwamba ujanani "alikuwa porini". Ni hayo tu tuliyoyajua. Tulipouliza alisema, "Mambo ya zamani," akaomba maji.

Usiku wa pili mwalimu akafika mahali ambapo Tatu analalamika juu ya wapiganaji kwamba walikataa kubeba mizigo kutoka ziwani kupanda mlimani, wakisema wao si magari. Mzee akacheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka namna ile tangu bibi afariki. Akasema, "Ni kweli, tulisemaka hivyo." Wote wakamgeukia. Akaendelea, "Lakini yule muzungu aliandika tulikataa. Hakuandika njaa. Tulikuwa na siku tatu bila kula. Angeniuliza, ningemwambia." Alikuwa na miaka kumi na sita au kumi na saba wakati ule, na alibeba masanduku ya risasi.

Kutoka hapo hatukusoma tena kitabu, tulisoma kitabu pamoja na mzee. Mwalimu anatafsiri, mzee anasahihisha. Palipokuwa na habari za dawa, ile dawa ambayo wapiganaji walinyunyiziwa ili risasi ziwe maji, mwalimu alicheka kidogo, kama msomi. Mzee hakukasirika. Jirani mmoja Mtanzania aliyekuwa anafundisha hapa alituambia kwao pia ilikuwako, katika vita vya Maji Maji dhidi ya Wadachi, mwaka 1905 mpaka 1907, na akatuazima Kinjeketile, mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969. Tulisoma vile vitabu viwili kwa zamu, leo hiki kesho kile. Katika ule mchezo maji yanawaunganisha makabila yaliyokuwa hayasikilizani, halafu maji yaleyale yanawaua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huyu aliyeandika hakuwako, lakini anajua." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Che aliyekuwako hakuipata.

Halafu ukafika mwisho. Usiku wa Novemba, mashua ziko pwani, Wakuba wanaondoka, nafasi ni chache. Tatu mwenyewe anaeleza kwa uchungu namna watu walivyoomba kupandishwa na yeye akawakatalia. Mwalimu alikuwa amesoma kipande kidogo tu. Mzee akasema, "Usisome hapo. Funga buku."

Tukafunga. Watu wakaenda kulala.

Siku ya tatu mzee alikuja mwenyewe na kigoda chake, kabla ya jua kuwa kali, akatuita sisi wawili. Akasema, "Katika lile buku mashua zinaondoka. Mimi niko kwa wale wanaobaki." Akatueleza usiku ule kuanzia mwanzo: nani alikuwa pembeni yake, nani aliingia ndani ya maji mpaka kifuani akishika ukingo wa mashua, jinsi taa zilivyozimwa, jinsi walivyokaa mchangani mpaka asubuhi hakuna anayesema. Na akatuambia kitu ambacho hatukukijua. Mwaka 1998, tulipofika pwani na watoto, na mwenye mtumbwi akasema nafasi imekwisha, ni mzee aliyempa saa yake ya mkononi na koti lake ili atupandishe. Sisi tulidhani mwenye mtumbwi alituhurumia. Miaka zaidi ya kumi tulikuwa tunamwombea baraka mtu yule.

Tulichukua daftari la mtoto la masomo, tukaandika. Mzee anasema, mama wa nyumba anaandika, maana mkono wake ni mzuri. Asubuhi baada ya asubuhi, karibu miezi miwili. Mahali pengine mzee alitaka jina lifutwe, kwa sababu watoto wa mtu yule tunaishi nao, na tulifuta. Alifariki mwaka 2021, tukamzika hapa. Daftari tunalo.

Mtauliza mama wa nyumba alijifunzia wapi kuandika, kwa sababu tulipovuka ziwa hakujua hata herufi moja. Swali zuri. Alijifunza katika kitabu cha nyimbo za kanisa. Nyimbo alikuwa nazo zote kichwani tangu utoto, beti zote. Alichokosa ni herufi. Basi Lugufu alikaa kanisani na kitabu mkononi, wengine wakiimba yeye anaweka kidole chini ya neno, na kwa kuwa neno analijua tayari, herufi zilijitaja zenyewe. Ilichukua miezi mingi. Siku moja aliona kwenye gunia neno ambalo halimo katika wimbo wowote, akalisoma: "mahindi". Alipiga kigelegele peke yake katikati ya foleni. Tangu hapo tunawaambia wanaofundisha watu wazima: wapeni kwanza maneno wanayoyajua kwa moyo, msiwape ya mgeni.

Vitabu vya nyimbo vina vurugu zake lakini. Wengine walikuja na cha kwao cha Kongo, wengine walinunua Tenzi za Rohoni za Watanzania, Waadventista wana Nyimbo za Kristo, na namba hazilingani. Katika mazishi ambako makanisa yalichanganyika, mwongozaji alitaja namba, nusu wakaanza wimbo wa maombolezo na nusu wa arusi. Mfiwa mwenyewe alicheka. Siku hizi mwongozaji anataja maneno ya kwanza, namba baadaye.

Vijana wao wana madaftari ya nyimbo za dunia. Wanasikiliza redioni na kuandika upesi upesi, neno wasilolisikia wanaacha nafasi. Tunawaachia, kwa masharti. Baba wa nyumba mwenyewe analo la zamani, na limejaa Remmy Ongala, mtoto wa Kongo aliyezaliwa mwaka 1947, akaenda Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, akaimba kwa Kiswahili mpaka Watanzania wakamfanya wao, akafariki huko Desemba 2010. Ni Mkongo aliyepokelewa kwa sababu ya maneno yake. Vijana wetu wanalijua hilo, ndiyo maana wanaandika. Na rumba yenyewe ilipoingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021, watu walicheza hapa kambini kana kwamba cheti kimeletwa kwetu.

Vitabu vya roho ni vingi, tungeandika gazeti zima. Biblia iko kila nyumba ya Mkristo, na kwa jirani zetu Waislamu tumeona Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969, imefungwa kitambaa safi kuliko nguo zetu za Jumapili. Lakini kinachozungumzwa kwa sauti kuliko vyote ni kile cha John Bunyan, habari ya msafiri mwenye mzigo mgongoni anayetoroka mji utakaoteketea. Mwingereza yule alifungwa gerezani kwa ajili ya kuhubiri, na kitabu kilitoka mwaka 1678. Wanaume wanakipenda sana: mzigo, matope, mtu mwovu njiani, mlango kwa mbali. Wanasema, huyu ni sisi. Mama jirani, yule wa mahari ya mbuzi, alisikiliza kurasa za mwanzo akauliza, "Alikimbia na nani?" Tukasema peke yake, mke na watoto walikataa, akaziba masikio akakimbia. Akasema, "Basi huyo si sisi. Sisi tulikimbia na watoto mgongoni. Huyo ni mwanaume." Kimya. Mchungaji alimweleza kwamba Bunyan aliandika sehemu ya pili mwaka 1684, ambamo mke naye anatoka na watoto kumfuata. Akajibu, "Miaka sita! Alichelewa kutukumbuka." Tulipata sehemu ile ya pili baadaye, na akina mama wanaisoma hiyo peke yake. Ya kwanza wamewaachia wanaume.

Sasa tufike mahali ambapo hatujakubaliana.

Mwaka 2017 mtoto wetu wa kwanza alipata safari ya Marekani na mke wake. Usiku wa kuamkia safari tulitaka kumpa kitabu kimoja cha nyumbani. Mzee alikuwa hai bado, na alisema yeye hachagui. Mume alitaka kumpa daftari la mzee, kwa sababu mtoto anayekwenda mbali vile lazima ajue ametoka kwa nani. Mke alisema hapana, mtoto anayekwenda kati ya wageni asipewe vita, apewe nyimbo. Akampa kile kitabu chake cha nyimbo, chenye alama ya kidole chini ya maneno, na nyuma zimeandikwa tarehe za kuzaliwa za watoto wetu sita, pamoja na ya yule aliyefia Lugufu. Mume alinyamaza mbele ya watu. Nyumbani hakunyamaza.

Mtoto anacho. Kuna Jumapili anatupigia simu na wanaimba, sisi tunafuata kutoka hapa, sauti inachelewa, tunaimba kama watu wawili wanaokimbizana. Lakini mwaka jana aliuliza juu ya daftari. Mtoto wake amepewa shuleni kazi ya kuandika habari za babu, na hana cha kuandika. Tulijaribu kupiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu ya binti yetu. Kurasa za katikati zililowa mvua ya mwaka 2020, wino umetawanyika, picha haisomeki, ila ukishika karatasi yenyewe juani unaweza kusoma. Kwa hiyo ni lazima karatasi yenyewe iende. Na tangu safari za wakimbizi kwenda Marekani ziliposimamishwa Januari 2025, hatukupata msafiri wa kumkabidhi. Posta mke haiamini. Mume sasa ndiye anayesema daftari libaki hapa, karibu na kaburi, na mke ndiye anayesema liende. Tumebadilishana pande, na bado hatukubaliani.

Kwa sasa binti yetu analinakili upya, kila Jumamosi, juani, na sehemu zilizofutika anatuuliza tunakumbuka nini. Tunakumbuka tofauti. Anaandika zote mbili.

Mwisho, tunalo ombi kwa wasomaji. Kama kuna mtu kambini hapa ana kurasa za mwisho za Kikosi cha Kisasi, tafadhali atufikishie. Vijana walisema wataitafuta kwenye simu, bando likaisha wakarudi na hadithi nyingine kabisa. Mtatukuta nyuma ya bomba la maji, nyumba yenye mwembe, kwa fundi cherehani. Mke anasema mje wakati wowote. Mume anasema mje, ila msizisome kwanza mbele ya mama jirani, maana ile habari ya mbuzi kumi kwake ilikwisha kupita.